Hoteli ya Mashhad na Vipande Kumi na Viwili vya Kanga

Asma na Khulud, wanangu,

Mwezi huu miye nimeliweka begi chini, nanyi mnakwenda Mashhad peke yenu na kina bibi. Mmeniuliza kazi hii inafanywaje. Nimeona niandike, kwa sababu kwenye simu mnanikata kauli kila mara mkisema "tayyib, tayyib, Bi Salma," na hamjasikia kitu.

Miye nimesoma darasa la nne tu Unguja, kisha tukaja Oman na skuli ikaishia hapo. Mjukuu wangu Raya anasomea uuguzi Nizwa, na ni wa kwanza darasani kwake. Sijisifu, nasema lililo kweli. Alitaka kuniandikia kwenye kompyuta nikamkatalia. Akisharekebisha maneno yangu yatakuwa yake, na hakuwepo.

Hamla yetu mnaijua, lakini barua hii huenda ikasomwa na asiyejua, basi nieleze. Ni msafara mdogo wa wanawake watupu, wengi wao wazee, wanaokwenda kumzuru Imamu kule Iran. Mwenye hamla alikuwa Bi Sakina, Mshia, mzaliwa wa Unguja. Miye ni Ibadhi wa Ibra. Nilipoanza, jirani zangu walisema Salma kaingia Ushia. Niliwaambia kazi yangu ni magoti, vyoo na dawa za presha, na magoti hayana madhehebu. Wengine walikasirika. Baadaye wao wenyewe wakanituma zafarani.

Kazi niliipata soko la wanawake la Jumatano, pale Ibra. Nilikuwa nauza achari na bizari ya pilau. Akaja mama mmoja mrefu, buibui safi, miwani puani, akachovya kidole kwenye chupa yangu bila ya kuuliza.

"Achari hii umetia nini?" akaniuliza kwa Kiarabu.

"Ndimu."

"Najua ndimu. Na nini?"

Nikamgeukia mwenzangu wa meza ya pili nikamwambia kwa Kiswahili, "Huyu anataka kuila bure mpaka aijue."

Yule mama akajibu kwa Kiswahili cha mjini khasa, "Nitanunua chupa nzima, mwanamke wee, lakini kwanza nijue kama utaniua."

Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye alicheka mpaka akakaa kwenye gunia langu. Tukaulizana mitaa ya Unguja, yeye wa Kiponda, miye wa Vuga. Mwisho akaniuliza, "Una paspoti?"

"Ninayo, haijapata kutoka sandukuni."

"Unaogopa ndege?"

"Nilikuwa namwogopa mume tu, na huyo kafa."

"Basi njoo," akasema. "Wazee wangu wengi wakiumwa husahau Kiarabu, hulia kwa Kiswahili. Nataka mtu anayesikia."

Hivyo ndivyo nilivyoanza, na miaka ishirini na moja nimetembea na ajira hiyo hiyo.

Siku ya kwanza Mashhad nilidhani tumekosea nyumba. Miye nilikuwa nimewaza hoteli kama zile za matangazo. Hii ilikuwa ghorofa tano nyembamba, imebanwa kati ya duka la peremende na duka la sanda, katika kichochoro ambacho gari likiingia lazima litoke kinyumenyume. Mapokezi kulikuwa na meza, birika la chai lisilozimwa moto, na mwenye hoteli, Agha Karim, mwanamume mnene mwenye fulana ya sufu. Lifti ilichukua watu watatu, au wawili wa Oman. Ndani ya lifti, sakafuni, kulikuwa na zulia dogo jekundu lenye mashada, zuri kuliko mazulia ya vyumbani. Likumbukeni zulia hilo, nitalirudia.

Baridi ilikuwa imeingia mpaka kwenye mito. Nilitaka kuwapeleka kina bibi vyumbani wakapumzike. Bi Sakina akanishika mkono.

"Hapandi mtu. Wape chai. Wewe na miye tunakwenda kufanya kazi."

Alivua pete zake akazifunga kwenye leso, akapandisha mikono, tukaingia chumba kwa chumba. Alivuta maji kila choo akasubiri kijae tena. Alifungua bomba la moto akahesabu mpaka maji yapate moto. Alilala kwenye kila kitanda, chali, kama maiti, dakika moja. Foronya alizinusa. Chumba kibaya kuliko vyote kilikuwa kando ya lifti, dirisha lake likitazama ukuta, na lifti ikipita kitanda kinatikisika.

"Hiki chetu," akasema.

Nilinuna. Miye nilidhani wakubwa huchagua kwanza. Usiku sikulala kwa kishindo, lakini asubuhi nilikuwa namjua kila aliyetoka na kila aliyeingia. Basi, wanangu, chumba cha kando ya lifti ni chenu. Msimpe mzee, na msilalamike.

Agha Karim tulimpelekea zawadi ya maji ya mawaridi kutoka Jabal Akhdar. Mtasema nani anawapelekea Waajemi maji ya mawaridi? Miye pia nilisema. Yetu ni mazito, yana harufu ya moshi kwa namna yanavyopikwa mlimani. Agha Karim alifungua chupa, akanusa, akaniambia kwa Kiarabu chake cha kuvunjika, "Khanum, haya yameungua?"

"Hayakuungua. Ya kwenu ndiyo hayajaiva."

Alinitazama hivi, kisha akaita wafanyakazi wote wanuse. Tangu siku hiyo alinipa funguo za jikoni la chini, nikawa nawapikia wazee uji wa mchele, maana chakula cha hoteli ni kizuri lakini wali mkavu na kebabu haviwafai wasio na meno. Na uji wangu alikuja kuunywa mwenyewe, akisingizia tumbo.

Mambo ya kuudhi yalikuwepo, sitayaficha. Kina bibi wetu hawalali chumbani bila ya kufukiza. Mwaka mmoja watatu walichomeka vifukizo vya umeme pamoja, na mmoja akapiga pasi, hoteli nzima ikazima. Agha Karim alipanda ngazi na tochi akipiga kelele, akafungua mlango, akakutana na wingu la udi na vikongwe watatu wakimwambia karibu. Akaketi. Wakamfukiza yeye pia. Alishuka chini ananukia kama bibi harusi, na taa bado hazijawaka.

Sasa niwaambie habari za kanga, maana ndiyo niliyojivunia, na ndiyo iliyoniangusha.

Kuingia Haramu, yaani kwenye kaburi la Imamu na nyua zake, wanawake huvaa chadori, lile shuka kubwa la kujifunika kichwa mpaka miguuni. Ukisimama uani mbele ya kuba la dhahabu unaona maelfu, yote sawa. Bibi akikupotea mle ni kama punje ya mchele katika gunia zima. Miye nikachukua kanga yangu nyekundu ya maua ya njano, nikaikata vipande virefu, nikashona kimoja kimoja kwenye upindo wa nyuma wa kila chadori. Maneno niliyakata katikati makusudi, kwani ile kanga ilikuwa ya kumsuta mke mwenza, haifai kuingia Haramu. Bi Sakina alipoona alinibusu kichwa. Hamla nyingine zikatuiga, wengine kwa utepe, wengine kwa lesi. Nilitembea nimetoa kifua. Kila tukitoka hotelini nilisimama mlangoni nikahesabu vipande: kumi na wawili wanatoka, kumi na viwili navihesabu.

Sasa mwaka mmoja Bi Sakina alifanyiwa operesheni ya goti, akabaki nyumbani. Hamla akanikabidhi miye peke yangu, mara ya kwanza. Siku ya kuondoka, kiwanjani Maskati, akaja Nargis na mama yake. Nargis anafanya kazi Sur, mwanamke mkali, ndugu zake wengi, ukoo mkubwa; neno lake moja linaweza kujaza hamla au kuiua. Mama yake, Bi Batuli, alikuwa kikongwe wa Kiponda, mdogo wa umbo, mwenye sukari, na kumbukumbu zimeanza kumtoka. Siku nyingine alijua yuko Oman, siku nyingine alikuwa bado Unguja na anamngoja baba yake arudi dukani.

"Shikamoo, Bi Salma," Nargis akaniambia.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama yangu huyu hana mwengine wa kumshika ila wewe. Ndugu zangu hawataki aende. Nimebishana nao wote. Usimwache hata dakika."

"Simwachi," nikasema. Nilisema haraka, kama mtu anayetaka ndege.

Siku ya nne tulikula chakula cha mchana, kina bibi wakalala kidogo. Bi Batuli alikuwa amepigwa sindano yake kabla ya kula, na wali akaula vijiko vitatu tu, akasema haujatiwa nazi. Nikasema nitampa kitu akiamka. Alasiri ikafika, watu wanavaa, wanaulizana viatu, mmoja katafuta meno yake mpaka tukayakuta mfukoni mwake. Bi Rukia, aliyelala chumba kimoja na Bi Batuli, alidhani yuko na miye. Miye nilidhani yuko na Bi Rukia. Nikasimama mlangoni nikahesabu pindo zikitoka. Kumi na mbili. Nikafunga begi, nikafuata nyuma.

Sikutazama nyuso. Wallahi sikutazama uso hata mmoja.

Tuliposwali na kukaa uani, nikagawa tende. Nilikuwa nazo kumi na mbili mkononi. Moja ikabaki.

"Nani hajapata?"

Wakatazamana. Bi Rukia akasema, "Bi Batuli yuko wapi?"

"Yuko na wewe."

"Na miye? Si wewe uliyesema unampa chakula?"

Nilisimama, nikatazama ule uwanja, watu kama mchanga. Nikawaambia wasiondoke pale walipo, nikaanza kukimbia, miye mwenye magoti haya. Nilimwambia askari mwanamke wa Haramu, akapeleka habari penye kipaza sauti. Nikazunguka ua moja, nikazunguka la pili. Mara nikakiona kipande changu, nyekundu na njano, mbele kule, kinakwenda taratibu kwenye chadori ya mtu mfupi. Nilipiga ukelele, nikapenya watu, nikamkumbatia kwa nyuma.

"Bi Batuli! Umeniua!"

Akageuka. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mashavu mekundu, amenitolea macho.

"Hayaki Allah, khala," akaniamkia kwa Kiarabu. "Kuna nini?"

Ni Zahra, binamu wa mmoja wetu, aliyekuja na hamla nyingine. Alikuja hotelini mchana ule kumsalimia jamaa yake akiwa na abaya tu, akataka kufuatana nasi, akaazimwa na jamaa yake chadori iliyokuwa imening'inia nyuma ya mlango, bila ya kuuliza ni ya nani. Ya Bi Batuli. Alipofika Haramu akatengana na wenzake akaenda kusali peke yake. Kwa hivyo nilihesabu sawasawa. Vipande vilikuwa kumi na viwili. Mtu wangu ndiye aliyekuwa hayumo.

Nilikaa chini, palepale juu ya marumaru. Kisha akili ikarudi: chadori yake iko hapa, basi yeye hawezi kuwa hapa, mlangoni wasingemwachia. Ama yuko hotelini, ama yuko mitaani Mashhad katika baridi ile, kizee wa sukari aliyepigwa sindano na hakula.

Nilimwachia Bi Rukia wale wengine, nikarudi mbio. Njiani nilikuwa nazungumza na Mungu kwa sauti, watu wakinipisha. Agha Karim alikuwa mezani kwake.

"Bi kizee wangu, yule mdogo, ametoka?"

"Hajatoka."

"Una hakika? Ulikwenda choo? Ulilala?"

"Khanum, tangu mtoke sijanyanyuka. Tazama chai yangu. Hajatoka mtu."

Nikapanda ngazi, lifti sikuingoja. Ghorofa ya tatu, chumba chao kitupu. Kitanda kimetandikwa vizuri, kona zimekunjwa. Choo kitupu. Nikatazama chini ya vitanda, Mungu anisamehe, nikafungua na kabati. Nikatoka kwenye korido nimeshika kichwa, na hapo nikaviona.

Mbele ya mlango wa lifti, viatu viwili. Kandambili za Bi Batuli, za kijani, zimepangwa pamoja, visigino ukutani, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu.

Mnajua wazee wetu. Penye zulia hawakanyagi na kiatu. Tangu siku ya kwanza Bi Batuli alikuwa akivua viatu kuingia lifti, na miye nikiviokota nyuma yake na kumvisha tukitoka. Wenzake wakimcheka, "Hiyo lifti, bibi, si sebule!" Naye akijibu, "Kama si sebule kwa nini wametandika?"

Nikasimama nikafikiri. Viatu viko ghorofa ya tatu, basi ameingilia hapa. Chini hakufika, Agha Karim angemwona kikongwe peku. Basi kapanda juu.

Ghorofa ya nne nilipiga kila mlango. Walikuwa mahujaji wa Pakistani, wanaume, wakanifungulia na mswaki mdomoni. Hapana. Ya tano ilikuwa kimya. Lifti inaishia hapo, lakini mwisho wa korido kuna mlango wa chuma na ngazi fupi inayokwenda paani, ambako hoteli inafua mashuka. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nilisikia mtu anaimba.

Sikuwa na pumzi. Nilipanda zile ngazi kwa mikono na miguu, kama mtoto.

Paani kuna kibanda cha kufulia, chenye joto la mashine. Ndani yake Maryam, mama wa Kiafghani anayefua hotelini, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Na mbele yake Bi Batuli, amesimama, miguuni amevishwa soksi za Maryam za sufu, kichwani kajifunga foronya, anakunja mashuka. Anayakunja kama wanavyokunja watu wa zamani: anapiga shuka hewani lilie, anakutanisha ncha, anapitisha kiganja, anakunja tena. Pembeni kulikuwa na rundo lake, limenyooka kama vitabu. Alikuwa akiimba wimbo wa kubembelezea watoto.

Aliniona. Hakushtuka hata kidogo.

"Umechelewa wewe," akasema. "Shika ncha hiyo."

Ningeweza kulia, ningeweza kumkaripia. Nilishika ncha. Tukakunja shuka moja, la pili, la tatu. Nikamwuliza Maryam kwa ishara, amekula? Akanionyesha sahani: mkate umebaki kipande, gilasi tatu za chai tupu, na bakuli la sukari ya vidonge limefikia nusu. Akagusa shavu lake akatikisa kichwa, kunieleza kwamba bibi alipofika alikuwa mweupe, anatoka jasho, anayumba. Maryam hajui neno la Kiarabu wala la Kiswahili, lakini mama yake mwenyewe alikuwa na sukari, Agha Karim alinieleza baadaye. Alimjua kwa jasho lake. Alimkalisha, akamnywesha, akamvisha soksi, na alipotaka kumrudisha chini Bi Batuli akashikilia shuka, hataki kuliachia.

Nilimshika Maryam mikono nikaibusu. Alinivuta akanibusu kichwa. Sikupata kumwambia hata neno moja alilolielewa, na mpaka leo nikikumbuka nadhani aliyaelewa yote.

Maghribi ilikuwa inakaribia. Nikamwambia, "Bi Batuli, twende chini."

"Bado moja."

Akalimaliza. Kisha akatoka kibandani, akasimama kati ya kamba za nguo. Toka pale kuba lote linaonekana, karibu hivi, hakuna ukuta wala kichwa cha mtu. Siku tatu tulikuwa tumembana katika umati ili aguse kile kizuizi cha fedha kinachozunguka kaburi, kwa sababu Nargis alitaka aguse, na siku tatu alilia kwa kuogopa msukumano. Hapa hakulia. Aliweka mkono kifuani akamtolea Imamu salamu, ile ndefu yote, toka mwanzo mpaka mwisho, neno halikumpotea. Huyu ambaye asubuhi aliniuliza jina langu mara nne.

Nilimshusha kwa lifti. Viatu vyake nilimvisha mwenyewe.

Usiku, Bi Rukia alipokwisha kuwarudisha wenzake, kina bibi walikaa chumbani kwangu kunipa shauri. Bi Rukia akasema, "Kimya. Mzima, kala, kalala. Yeye mwenyewe hakumbuki. Nani atakayesema?"

"Zahra atasema."

"Zahra tumemwapisha."

Sitawadanganya, nilitaka kukubali. Niliwaza meza yangu ya sokoni, chupa za achari, na jirani zangu wakisema si tulimwambia. Nikampigia simu Bi Sakina nikitumai ataniambia ninyamaze. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kwanza, "Sukari yake sasa ngapi?" Nikamwambia. Akashusha pumzi. Kisha akasema, "Nargis utamwambia wewe, kwa mdomo wako, kabla hajakuuliza mzigo uko wapi."

"Atatumaliza, Bi Sakina. Hamla yako."

"Hamla ni yangu, na nimekwambia."

Basi. Toka kesho yake nilihesabu nyuso. Nilisimama mlangoni, nikamnyanyulia kila mtu chadori, nikamtazama machoni na kumtaja jina, naye aniitikie. Inachelewesha. Wanalalamika, wanasema, "Bi Salma, umekuwa askari wa mpakani?" Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Vipande vya kanga shoneni, vinasaidia kumtafuta mtu, lakini kuhesabia msivitumie. Na kila hoteli mtakayoshukia, siku ya kwanza, mkishamaliza vyoo, pandeni paani mwone kuna nini. Toka mwaka ule kila bibi asiyeweza umati nilimpandisha kwa Maryam. Agha Karim aliweka na kiti.

Maskati, Nargis alikuwa amesimama mbele ya watu wote. Alimkumbatia mama yake, akamnusa shingoni. Nikamwambia, "Mwanangu, kabla hujanishukuru nina neno." Nikamweleza, nimesimama palepale, mizigo inatupita. Chadori, hesabu, sindano, vijiko vitatu vya wali. Sikujipunguzia.

Akaniuliza, "Kwa saa ngapi hukujua aliko?"

"Toka alasiri mpaka karibu ya maghribi."

"Nilikwambia hata dakika."

"Uliniambia."

Mama yake anamvuta mkono, anataka kwenda. Nargis akauliza, sauti imeshuka, "Ulipomkuta alikuwa anafanya nini?"

"Anakunja mashuka. Anaimba."

"Anaimba nini?"

Nikamwimbia mistari miwili, vibaya, sina sauti. Nargis akafunika mdomo. Akaniambia ule wimbo hajausikia tangu yeye ni mdogo. Akaniambia nyumbani wana mtumishi, na tangu mama aanze kusahau wamemkataza kushika kitu chochote, sufuria wala sindano wala nguo, asije akajiumiza. Anakaa sebuleni siku nzima mbele ya televisheni, na kila siku anazidi kupotea.

Hakusema amenisamehe. Alimchukua mama yake wakaenda. Nilirudi Ibra nikangoja kusikia hamla imekufa. Nilianza hata kuosha chupa za achari.

Wiki ya tatu simu ikalia. Nargis. Nilikaa kitako kabla ya kuipokea.

"Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba."

"Nimempa mama kapu la nguo."

"Eeh?"

"Mashuka ya nyumba hii yote ameyamaliza, Bi Salma. Ya kaka yangu ameyamaliza. Sasa kasimama ukutani anamwita jirani alete ya kwake. Mwakani utamchukua?"

Nilimwambia nitamchukua. Nilimchukua miaka mitatu.